Mizinga miwili dhaifu, baridi iko njiani: niilishe, niongezee fremu au niunganishe?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Nina mizinga sita ya fremu, yaani ile yenye fremu za mbao zinazobeba masega. Minne imejaa nyuki vizuri. Miwili inanitia wasiwasi: mmoja nyuki wanafunika fremu tano hivi, mwingine fremu tatu tu. Huku baridi kali itafika baada ya wiki saba, na theluji hukaa miezi. Mwenzangu mmoja ananiambia niwape sharubati ya sukari kwa wingi, mwingine anasema nihamishe fremu za majana (watoto wa nyuki wanaolelewa vyumbani) kutoka kwenye mizinga yenye nguvu, wa tatu anasema niunganishe. Natamani sana yote miwili ipone, kwa sababu huo wa fremu tano ndio kundi la kwanza nililolikamata kwa mikono yangu. Nianzie wapi? Na je, niifunike blanketi?"

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Anza kwa kufungua mizinga yote sita. Najua umeniuliza kuhusu miwili, lakini huwezi kujua la kufanya na mzinga dhaifu kabla hujajua hali ya ile ambayo huenda ikaupokea. Isitoshe, ile minne unayoiona ina nguvu ndiyo iliyolea majana mengi msimu huu, na palipolelewa majana mengi ndipo utitiri wa varoa, kidudu kinachowanyonya nyuki, huzaliana kwa wingi. Nimeona mara nyingi mizinga iliyojaa nyuki mwishoni mwa joto ikawa mitupu kabla theluji haijayeyuka, huku mwenyewe akiwa ametumia muda wake wote kuhangaikia ile midogo.

Wenzako watatu wamekupa dawa tatu, wala hakuna aliyeuliza ugonjwa. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo. Udhaifu wa mzinga ni dalili. Kundi linaweza kuwa dogo kwa sababu liligawanyika likachelewa kukua, au malkia amechoka, au varoa amelimaliza, au lina ugonjwa wa majana, au limeibiwa asali. Sukari inamfaa mmoja tu kati ya hao. Kuunganisha kunawafaa wawili, na kwa wengine waliobaki kunaweza kukupotezea hata mzinga mzima uliokuwa salama.

Chagua siku isiyo na upepo, joto lisipungue nyuzi 15, mchana jua likiwa limepanda. Tumia moshi kidogo. Wakati huu wa mwaka maua yamepungua na nyuki wa mizinga mikubwa wana njaa ya kuiba. Wakisikia harufu ya asali kwenye mzinga mdogo ulioachwa wazi, watauvamia na huenda wakaumaliza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo anza na mizinga dhaifu, maliza haraka, usidondoshe asali chini, na kabla hujaondoka punguza mlango wao ubaki upana wa kupita nyuki mmoja au wawili. Mlango mwembamba hata walinzi wachache wanaumudu.

Sasa hesabu nyuki. Fremu ya kina, yaani ile ndefu kwenda chini, ya mzinga wa Langstroth (mzinga wa sanduku wenye fremu zinazochomolewa), ikifunikwa vizuri pande zote mbili, ina nyuki kama 2,000. Basi ule wa fremu tano una nyuki kama 10,000, na ule wa tatu kama 6,000. Hesabu nzuri zaidi ni ya alfajiri kabla hawajatoka: unainua kifuniko unatazama nafasi ngapi kati ya fremu zimejaa. Ukihesabu mchana, wanaotafuta chakula wako nje, na unaweza kuuhukumu mzinga kwa kosa.

Idadi ina maana kwa sababu ya namna nyuki wanavyopita kwenye baridi. Hawalali kama wadudu wengine. Hewa ikishuka kufikia nyuzi 14 hivi huanza kukusanyika na kuwa donge. Wa nje hubanana vichwa vikiwa vimeelekea ndani, wakawa kama ngozi ya donge lile. Wa ndani hutetemesha misuli ya mabawa bila kupiga mabawa, na joto linatoka hapo. Kama kuna majana katikati, hupashwa karibu nyuzi 35. Yasipokuwepo, huridhika na joto la chini zaidi. Kuni zao ni asali. Donge dogo lina ngozi kubwa ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo kila nyuki analazimika kula zaidi na kutetemeka zaidi. Tena baridi ikikaza siku nyingi mfululizo, donge dogo haliwezi kujinyoosha kufikia sega la jirani. Utafungua mzinga utakuta wamekufa vichwa vikiwa ndani ya vyumba vitupu, na asali iko sentimita chache tu pembeni. Ukishaliona hilo mara moja hutamwambia mtu kwamba kundi dogo linahitaji chakula tu.

Kwa baridi kali ya miezi, mimi nataka fremu nane za nyuki au zaidi. Sita nazikubali kama kila kitu kingine kiko sawa. Tano ziko mpakani. Tatu peke yake, ndani ya sanduku kubwa, sijawahi kuziona zikivuka.

Lakini nyuki unaowahesabu leo siyo wote watakaokuwepo wiki saba zijazo. Kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, wa majira ya joto huishi wiki sita hivi, akafa kwa kazi. Wa baridi ni nyuki wa namna nyingine: hulelewa mwishoni mwa msimu, mwili wake hujaza akiba ya mafuta na protini tumboni, na anaweza kuishi miezi mitano hata sita. Yeye ndiye atakayelea majana ya kwanza wakati wa kuchanua. Wengi wa hao bado wako ndani ya vyumba sasa hivi, au hata yai lao halijatagwa. Kutoka yai hadi kibarua kamili ni siku 21, kwa hiyo wiki saba zako ni mizunguko miwili ya majana na ziada kidogo, na malkia anazidi kupunguza kutaga kadiri siku zinavyofupika.

Ndiyo maana baada ya kuhesabu nyuki unahesabu majana yaliyofunikwa, yaani ambayo vyumba vyake vimeshazibwa kwa nta. Eneo la sentimita 10 kwa 10, upande mmoja wa sega, lina vyumba kama 400. Fremu moja ya kina iliyojaa majana pande zote mbili inaweza kutoa nyuki wa kufunika fremu tatu. Mzinga wa fremu tano za nyuki wenye fremu mbili za majana yaliyoshikamana, yasiyo na mapengo, uko kwenye njia ya kupanda. Mzinga wa fremu tano wenye majana ya ukubwa wa kiganja, mezani kwangu ni mzinga wa fremu mbili ambao bado haujajua.

Tuingie kwenye sababu. Malkia kwanza, kwa kuwa ni rahisi. Usihukumu kwamba hayupo kwa vile tu hujaona mayai. Mwishoni mwa msimu malkia mzima anaweza kuwa amepunguza sana au amesimama. Mtafute kwa macho. Vitu vya kukutia shaka ni hivi: madume bado wako wengi ndani wakati mizinga mingine imeshawafukuza, vifuniko vilivyovimba kama kichwa cha risasi kwenye vyumba vya vibarua, maana yake yanalelewa madume pasipofaa, au mayai mawili matatu ndani ya chumba kimoja, yamebandikwa ukutani badala ya kusimama katikati ya kitako. Dalili hiyo ya mwisho ni ya vibarua wanaotaga wenyewe, na mzinga huo umekwisha. Usiutilie malkia wala usiuunganishe kwa gazeti (njia nitakayoieleza chini), kwa sababu wanaotaga wanaweza kumuua malkia wa wenzao. Ukiwa na hakika hawana ugonjwa, wakung'ute kwenye majani mchana wenye joto, hatua kadhaa kutoka mizinga ilipo, uondoe sanduku lao, na wanaoweza kuruka wataomba hifadhi kwenye mizinga mingine.

Mzinga usio na malkia sasa hivi hauwezi kujitengenezea mwingine kwa manufaa. Malkia mpya huchukua siku 16 tangu yai, kisha anahitaji kukomaa, kuruka kupandwa na kuanza kutaga. Ni karibu mwezi mzima, na kufikia hapo madume hawapo tena.

Sababu ya pili ni varoa, na hapa naomba usiwe na haraka.

Varoa ni utitiri mwekundu wa kahawia, upana wake milimita moja na nusu hivi, unaoonekana kwa macho lakini unajificha vizuri chini ya tumbo la nyuki. Jike huingia kwenye chumba cha jana muda mfupi kabla hakijafunikwa, na ndani ya kifuniko hicho anazaa. Kwa hiyo wengi wao, wakati wowote wenye majana, hawaonekani kabisa. Mwaka 2019 Samuel Ramsey na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba varoa aliyekaa juu ya nyuki mkubwa hula hasa tishu ya mafuta. Hebu iunganishe na niliyokwambia juu ya nyuki wa baridi. Ile akiba inayomwezesha kuishi miezi mitano ndiyo anayonyang'anywa. Juu ya hapo, varoa huwaachia virusi, na kile cha mabawa yaliyokunjamana ndicho utakachokiona kwa macho: nyuki wadogo, mabawa kama uzi uliosokotwa, wakitambaa mbele ya mzinga.

Mwishoni mwa msimu hesabu huharibika ghafla. Majana yanapungua, utitiri haupungui, hivyo wengi zaidi wanajazana kwenye vyumba vichache vilivyobaki, na vyumba hivyo ndivyo vya nyuki wa baridi. Mzinga uliokuwa na afya ukatikisika ndani ya mwezi mmoja huwa umepitia hapo.

Usikadirie kwa macho. Pima. Chukua fremu yenye majana, hakikisha malkia hayupo juu yake, hakikisha mara ya pili, kisha kung'uta nyuki kwenye beseni uchote nusu kikombe, yaani mililita 120 hivi. Hao ni nyuki kama 300. Watie kwenye chupa yenye spiriti, funga, tikisa kwa dakika nzima, mwaga kupitia wavu unaozuia nyuki na kupitisha utitiri, uhesabu walioanguka. Nyuki hao 300 watakufa, na wafugaji wengi wanaona uchungu kuwaua kwenye mzinga ambao tayari ni mdogo. Naelewa. Unaweza kutumia sukari laini ya unga badala ya spiriti ukawarudisha wakiwa hai, ila sukari huangusha pungufu na inakufariji mahali pasipofaa faraja. Kwa kundi la fremu tatu chota nusu ya kiasi hicho. Utitiri 9 kwa nyuki 300 ni 3 kwa kila 100, na kipindi hiki mimi naanza kutibu hata kabla ya kufika hapo. Ikiwa 2 kwa 100 sisubiri.

Tazama pia masega yenyewe. Vifuniko vilivyotobolewa, pupa (majana yanayogeuka kuwa nyuki ndani ya chumba kilichofunikwa) waliotafunwa nusu, na nukta nyeupe zilizogandamana kwenye dari ya vyumba vitupu (hicho ni kinyesi cha varoa) vinakueleza historia ya mzinga vizuri kuliko idadi ya siku moja.

Kuhusu dawa, tumia iliyoruhusiwa katika nchi uliyopo na ufuate karatasi yake neno kwa neno, kwanza asali ya kula ikiwa imeshatolewa. Kila moja ina tabia yake. Asidi ya fomiki hupenya vifuniko na kuwafikia waliojificha, lakini joto likizidi inaweza kumuua malkia, na kundi dogo huumia zaidi. Thaimoli inahitaji siku zenye joto la kutosha ili iyeyuke hewani. Asidi ya oksaliki ni nzuri sana wakati ambapo hakuna majana kabisa; kukiwa na majana inawapata tu walio juu ya nyuki, waliomo vyumbani wanatoka salama. Kwa wiki saba ulizonazo, mimi ningetibu sasa kwa kitu kinachofanya kazi majana yakiwepo, kisha ningerudi na oksaliki donge likishajifunga. Pima tena baada ya tiba ya kwanza. Watu wanatibu wakaridhika, kumbe dawa haikushika.

Na hili ningependa ulishike hata ukisahau mengine: dawa inaua utitiri, haimponyi nyuki aliyekwisha kunyonywa akiwa pupa. Mzinga uliofika utitiri 8 au 10 kwa 100 una nyuki waliozaliwa wakiwa wamechoka. Ukiutibu leo bado watakufa mapema. Kilichobaki cha kuokoa ni malkia, labda, na majana yatakayolelewa baada ya tiba.

Nililijifunza hilo kwa gharama. Mwaka mmoja nilikuwa na mzinga dhaifu na siku zilikuwa zimeniishia. Sikupima. Nikauweka juu ya mzinga wangu bora, gazeti katikati, wakapatana vizuri, nikafurahi. Kabla baridi haijaisha sanduku lile lilikuwa na nyuki wachache wafu na asali nyingi isiyoguswa, na nukta nyeupe kila chumba. Niliyabeba matatizo ya mzinga mmoja nikayapeleka kwenye nyumba ya mwingine. Tangu hapo siunganishi kitu ambacho sijakipima.

Sababu ya tatu ni magonjwa ya majana, na hapa sitakuwa na maneno mengi kwa sababu uamuzi wake haujadiliwi. Ukiona vifuniko vilivyobonyea, vyenye rangi nzito na mafuta mafuta, vikiwa na matundu, na harufu mbaya, chukua kijiti cha kiberiti, kiingize kwenye chumba, kizungushe, ukivute taratibu. Kikitoka kamasi ya kahawia inayovutika kama uzi kwa sentimita mbili au zaidi, simama hapo hapo. Huo unaweza kuwa uozo wa majana wa Marekani, ugonjwa wa bakteria ambao mbegu zake hubaki hai kwenye masega na mbao kwa miongo. Funga mzinga, usihamishe fremu, usitoe asali, osha vifaa na glavu, na uite mamlaka ya mifugo au ya nyuki. Nchi nyingi zinataka ripoti kwa sheria, na mara nyingi mzinga huchomwa moto. Kuna uozo mwingine, wa Ulaya, ambao huua majana kabla ya kufunikwa. Utawaona wamejikunja vibaya na kugeuka manjano. Huo pia upelekee mtaalamu aliye karibu nawe. Mzinga wowote wenye shaka ya namna hii hauunganishwi na mwingine na fremu zake hazitembei.

Tukishafika hapo, ushauri wa wenzako unaweza kujibiwa.

Fremu za majana kutoka mizinga mikubwa: kwa mzinga wa fremu tatu, hapana. Majana yanahitaji nyuki wa kuyafunika usiku. Nyuki 6,000 wana kazi ya kutosha kufunika ya kwao, na ukiwaongezea, ya pembeni yatapata baridi yafe. Walezi nao watazeeka kwa kulea, na hao ndio uliotaka wafike mbali. Na ile fremu uliyoichomoa ilikuwa askari wa baridi wa mzinga mwingine. Kwa ule wa fremu tano naweza kukubali fremu moja, tena iwe ya majana yaliyofunikwa ambayo tayari yameanza kutoka, kutoka mzinga uliopimwa ukawa safi, na kama tu malkia wa kwako anataga vizuri.

Sukari: ni lazima wawe na chakula, ila chakula siyo tiba. Fremu ya kina iliyojaa asali ina kilo mbili na nusu hadi tatu. Kundi kamili kwenye baridi ndefu ya theluji linataka kilo 30 hivi, wakati mwingine 40. Kundi dogo linakula kidogo kwa jumla lakini kikubwa kwa kila nyuki, na linahitaji asali iwe karibu, juu na pembeni mwa donge. Ukipungukiwa, jambo bora ni fremu za asali kutoka mizinga yako mingine iliyo safi. La pili ni sharubati nzito, sukari sehemu mbili kwa maji sehemu moja kwa uzito. Wape jioni, ndani ya mzinga, na uwape mapema: kuigeuza na kuifunika ni kazi inayochosha, na ni heri ifanywe na vibarua wazee waliopo sasa ambao hata hivyo hawataiona theluji. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 acha sharubati kabisa. Kuanzia hapo ni sukari ngumu, juu ya donge.

Sasa kuunganisha. Ule wa fremu tatu, kama una utitiri mchache na majana yasiyo na uozo, uunganishe. Usiuweke pamoja na ule wa fremu tano ukidhani tatu na tano ni nane. Baada ya wazee kufa utabaki na tano tena, na matatizo ya pande zote mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, ila vidole viwili vilivyovunjika navyo havimvunji. Upeleke juu ya mmoja wa ile minne yenye nguvu.

Muondoe malkia asiyetakiwa siku moja kabla. Jioni, fungua mzinga wenye nguvu, tandaza karatasi moja ya gazeti juu ya fremu, toboa vitundu vichache kwa ncha ya kisu, weka sanduku la dhaifu juu, funika. Wataitafuna karatasi siku mbili tatu, na kufikia hapo harufu zao zimeshachanganyika. Waache wiki nzima bila kuchungulia. Kisha panga: majana na nyuki sanduku la chini, asali juu na pembeni, fremu tupu nje. Kama mizinga iko mbali, kumbuka wanaotoka watarudi mahali walipozoea, kwa hiyo isogeze kidogo kidogo kwa siku kadhaa, au subiri siku za ubaridi ambazo hawatoki. Na pale mzinga ulipokuwa usiache hata kisanduku kitupu.

Kama ule wa fremu tatu una utitiri mwingi au nyuki wenye mabawa yaliyokunjamana, usiuunganishe. Huo ni wa kufunga: jioni wote wakiwa ndani, maji ya sabuni, ufe haraka. Kuuacha ufe taratibu ni kuita wezi kutoka mizinga mingine, nao watarudi nyumbani na asali ya bure na varoa mgongoni.

Ule wa fremu tano, kundi lako la kwanza, una nafasi. Ukimkuta malkia mzuri, majana yaliyoshikamana na utitiri chini ya 2 kwa 100, utoe kwenye sanduku kubwa uuweke kwenye mzinga mdogo wa fremu tano au sita, ili hewa ya kupasha iwe ndogo. Watu wa nchi za baridi huenda mbali zaidi: wanauweka mzinga mdogo juu ya mzinga wenye nguvu, katikati ubao wenye wavu pande zote mbili, mlango wake ukiwa upande mwingine. Joto la chini linapanda, nyuki hawagusani. Nimefanya hivyo, na ndiyo njia ninayoiamini kwa kundi la ukubwa huo. Ikiwa baada ya wiki tatu hujaona ongezeko, usibishane nao. Unganisha wakati bado nyuki wanaruka.

Blanketi, mimi nakuambia hapana kama ni la kitambaa. Nyuki wanatoa joto na wanatoa mvuke. Mvuke ukigonga kifuniko baridi unageuka maji na kuwadondokea, na nyuki aliyelowa kwenye baridi hana siku mbili. Kitambaa kikinywa maji kinabaki kimelowa miezi. Weka bamba la povu gumu chini ya kifuniko, maana juu ndiko kunakohitaji kinga kwanza, inamisha mzinga kidogo kuelekea mbele maji yatoke, na acha tundu dogo karibu na juu. Mlangoni weka bamba lenye matundu ya kupita nyuki asipite panya, kabla ya baridi ya kwanza, kwa kuwa panya huingia mapema kuliko unavyofikiri. Fanya hivyo kwa mizinga yote.

Na kama mwishoni itakulazimu kuliunganisha kundi lako la kwanza na jingine, kuna jambo unaweza kufanya. Walinganishe malkia wawili kwa majana yao. Wa kwako akiwa mdogo kwa umri na majana yake hayana mapengo, mwondoe yule wa mzinga mkubwa, na kwa usalama wa huyu mtie kwenye kizimba kidogo cha malkia siku chache za mwanzo wakati gazeti linatafunwa. Nyuki 20,000 watakuwa wakimpasha yeye. Mwandike tarehe na mzinga aliotoka juu ya kifuniko kwa kalamu isiyofutika, na maua yakirudi, sanduku likijaa, huo ndio utakaougawa wa kwanza.